Mjadala: Mataji ya Wimbledon ya kabla ya 1922 yapunguzwe thamani?

Wadau, Wimbledon ikikaribia hoja hii hufufuka: kwamba mabingwa wa tenisi wa kabla ya 1922 walikuwa wanasubiri tu, kwa hiyo mataji yao yasihesabiwe sawa na ya leo. Mimi napinga.

Kwa asiyeujua utaratibu ule, bingwa mtetezi hakucheza mtoano. Wenzake walitoana kwenye nyasi za Worple Road, uwanja wa zamani wa Wimbledon, na aliyebaki ndiye aliyekutana naye katika mechi moja ya kuamua taji. Mwaka 1911 Dorothea Lambert Chambers alimfunga Dora Boothby 6-0, 6-0. Gemu 12, ubingwa huo! Mfano huu una uzito, sikatai.

Ila tuyachambue mataji yote saba ya Lambert Chambers. Mwaka 1903, 1906, 1910 na 1913 alianzia chini kama wengine. Aliyoyasubiri ni ya 1904, 1911 na 1914 tu. Kuyashusha yote saba kwa sababu ya hayo matatu ni dhuluma.

Na kusubiri kwenyewe si raha tupu. Mashindano yaliporudi 1919 baada ya vita, mama huyu wa miaka 40 aliingia kutetea taji bila kucheza hata mechi moja ya mmoja mmoja mwaka ule pale Wimbledon. Mbele yake alisimama Suzanne Lenglen, Mfaransa wa miaka 20, mwili umeshachemka kwa mechi za mtoano. Walipigana gemu 44: Lenglen 10-8, 4-6, 9-7. Katika seti ya mwisho mama aliongoza 6-5 na akapata pointi mbili za kumaliza mechi. Moja Lenglen aliiokoa kwa mpira uliogonga fremu ya raketi, ukagusa utepe wa juu wa wavu, ukadondokea upande wa pili. Mwaka uliofuata mama alirudi, akapita mtoano wote, na safari hii Lenglen ndiye aliyekuwa akisubiri. Lenglen akashinda 6-3, 6-0.

Utaratibu ulifutwa 1922, mwaka ambao mashindano yalihamia Church Road. Lenglen akaanzia raundi za chini na bado akabeba taji 1922, 1923 na 1925. Sheria ilibadilika, bingwa akabaki yuleyule.

Ninapokubaliana na wapinzani ni kwenye rekodi za mfululizo. William Renshaw alichukua sita, 1881 hadi 1886, na tano kati ya hizo alisubiri. Kuziweka kando ya tano za Björn Borg, 1976 hadi 1980, bila maelezo yoyote, ni kumnyima Borg haki yake.

Sasa nawauliza mnaotaka mataji yapunguzwe. Tony Wilding wa New Zealand alitwaa manne mfululizo, 1910 hadi 1913. La kwanza alilipata kwa kupita mtoano, matatu alisubiri. Mei 1915 akauawa vitani Ufaransa akiwa na miaka 31. Ninyi mtamwachia mangapi?