Achorwe nani ukutani: Gagarin, Tereshkova au Leonov?

Ticha wa Zamu: Wakuu, fundi rangi anaingia Jumamosi kwenye chumba cha klabu ya sayansi. Nafasi ni ya mwanaanga mmoja tu wa Kisovieti. Mimi namtaka Leonov, kamati wanang'ang'ania Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, eti ndiye anayejulikana. Mnasemaje?

Mlalahoi: Shule ya wasichana au mchanganyiko? Msingi au sekondari? Ukuta mkubwa kiasi gani? Uzi nusunusu halafu unataka ushauri.

Bint Pwani: Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani! Katoka kiwanda cha nguo, 1963 kaizunguka dunia mara 48 peke yake. Mwanamke wa pili, Savitskaya, alienda 1982.

Babu Rada: Umaarufu ni bahati ya foleni tu. Titov alikuwa akiba wa Gagarin. Gagarin alikaa angani dakika 108, Titov zaidi ya saa 25, mizunguko 17, akiwa na miaka 25. Sasa nenda mtaani umuulizie Titov.

Chaki Nyeupe: Angalieni fundi kwanza. Shule niliyokuwepo tulimpa nusu ya hela na kipande cha gazeti, tukaenda likizo. Tunarudi, Gagarin ana masharubu, na kwenye kofia, pale penye CCCP (USSR kwa Kirusi), kaandika CCM. Siku ya mahafali mgeni rasmi kasimama pale, kacheka mpaka katoa leso, mkuu wa shule hajui aangalie wapi. Tukapaka rangi juu, herufi zikachungulia. Tukapaka tena, zikachungulia tena.

Mlalahoi: 😂😂 Huyo fundi alikuwa na kadi.

Babu Rada: Tena Gagarin hakutua na chombo. Alichomoka akashuka kwa parachuti, Wasovieti wakaficha kwa miaka, maana kanuni za rekodi zilitaka rubani atue nacho.

Bint Pwani: Vyombo vya Vostok, kama hicho cha Gagarin, vyote ndivyo vilivyokuwa, hata cha Tereshkova. Babu una chuki zako.

Ticha wa Zamu: Sekondari ya kutwa, mchanganyiko. Leonov 1965 alitoka nje ya chombo, suti ikavimba, akapunguza hewa mwenyewe ndipo akaweza kuingia. Na alichora huko huko angani kwa penseli za rangi!

Chaki Nyeupe: Utamsimulia hayo kila mgeni? Gagarin hahitaji maelezo.

Mswahili wa Malindi: Mnagombania Warusi, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa huku kwetu, jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini, Desemba 1970. Nani kaichora?

Mlalahoi: Jukwaa lenyewe bado lipo? Boti ya kwenda kuliona bei gani?