Mjadala: Je, fedha za umma zigharimie dawa za homa ya mafua zinazolenga protini za seli zetu wenyewe?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anashauri kwamba fedha zote za utafiti wa homa ya mafua ziende kwenye chanjo na dawa za kupambana na kirusi, kwa hoja kwamba kugusa protini za mwili ni hatari. Kuhusu chanjo tuko pamoja, lakini kwa hayo mengine napingana naye.

Nilimuuguza baba yangu mdogo alipougua homa hiyo. Siku ya tano matundu ya pua yalikuwa yakitanuka kwa kila pumzi, nyama za katikati ya mbavu zikibonyea, na kucha zimeanza kugeuka buluu. Tamiflu, dawa ya kupambana na kirusi cha mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na sisi tulikwisha kuchelewa. Kilichokuwa kikimmaliza ni vifuko vya hewa vilivyojaa majimaji.

Kirusi hakina karakana yake. Hemaglutinini, protini ambayo hukiwezesha kujishikiza kwenye seli, hutengenezwa na seli yetu, nayo haikamiliki mpaka ikunjwe na kufungwa kwa vifungo vya salfa, kazi inayofanywa na protini zetu kama PDIA3. Seli ikielemewa na kazi hiyo huingia katika msongo, na msongo ukizidi, hufa na kuchochea uvimbe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliiondoa PDIA3 katika seli za utando wa mapafu ya panya, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba kirusi na uvimbe vyote vilipungua.

Nakiri kwamba panya si mtu, na kwamba PDIA3 hiyohiyo huisaidia seli kuonyesha vipande vya kirusi kwa askari wa kinga, kwa hiyo kuizuia mapema mno kunaweza kumdhuru mgonjwa. Ndiyo maana nautazama mfano wa deksamethasoni, dawa inayotuliza uvimbe wa mwili badala ya kushambulia kirusi, ambayo mwaka 2020 majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, ilhali haikuwafaa wasioihitaji. Swali linalostahili kulipiwa majaribio, basi, ni dawa zinazolenga protini zetu apewe nani na siku ya ngapi.

Namwomba ndugu yangu anijibu: mgonjwa anayefika wodini siku ya tano, chanjo imempita na saa 48 zimekwisha, tumwandalie nini zaidi ya oksijeni?