Msaada: taji la kuvaa la chupa za plastiki, gundi inaachia kila mara

MwlMazingira
Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, klabu yetu ya mazingira inaandaa onyesho la mavazi ya taka kwa ajili ya tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani. Gauni tumeshamaliza, la pakti za maziwa, limetoka vizuri mno na watoto wameshona wenyewe. Shida ni taji. Tumekata maua ya chupa tukayabandika kwa supaglu na ile gundi ya fimbo ya kuyeyusha kwa umeme, yakikaa saa mbili tatu yanadondoka, na rangi ya kupuliza inabanduka kama ganda. Mvaaji ni binti wa darasa la sita, atatembea na kucheza ngoma jukwaani kwaiyo nataka kitu kinachokaa kichwani kweli na kisimkwaruze. Naombeni msaada, hela ya kununua vitu vipya hatuna.

fundi_mkasi
Mwalimu hongera kwa kazi. Gundi iache, chupa ya maji ni laini na inateleza, gundi haina pa kushika, na ile ya kuyeyusha inaikunja chupa nyembamba hata kabla haijashika. Mimi nashona. Chukua dumu la maji la lita 5, lile jembamba la kutupa, kata pete ya katikati upana wa vidole vitatu, ile mistari iliyobonyea usiiondoe ndo inayoipa ugumu. Zungusha uzi kwenye kichwa cha binti upime, mara nyingi pete inapungua kidogo, basi ikate nyuma iwe wazi umalizie na lastiki. Matundu toboa kwa msumari uliopashwa moto, tundu linajiviringa lenyewe ukingoni halichaniki, afu shona maua kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kazi ya msumari fanya mwenyewe mwalimu, usiwape watoto.

kaka_wa_mabomba
Au tumia mabaki ya bomba nyeupe za maji, unalipasha kwenye jiko la mkaa linalainika unakunja pembe za taji unavyotaka, gumu na halivunjiki.

Bi_Kikapu
Hapana kaka yangu, hilo naomba mwalimu asilifanye karibu na watoto. Bomba hizo ni za plastiki aina ya PVC, ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo inageuka asidi, na kwenye mkaa huwezi kujua saa ngapi imepita kulainika ikaanza kuungua. Angalia chini ya chombo kuna kipembe tatu chenye namba, 1 ni chupa za maji na soda, 3 ndo PVC, hiyo 3 usiipeleke kwenye moto kabisa.

Sasa mwalimu mimi nasuka vikapu vya ile mikanda ya plastiki inayofungia marobota ya mitumba, na kwa taji hakuna kitu kinaishinda. Nenda asubuhi wanapofungua marobota, ipo chini imetupwa, omba tu watakupa. Ioshe, ile yenye kutu ya kile kibati cha kufungia kata utupe. Chukua mikanda miwili mirefu ndo mzunguko wa kichwa, wa juu na wa chini, afu katisha vipande vifupi vya kusimama, pitisha mmoja juu mwingine chini kama unasuka jamvi. Vile vya kusimama usivikate sawa na ukingo, viache vizidi kama kiganja, kila kimoja kikunje kwa juu kiwe pembe halafu ncha yake irudishe ndani ya msuko nafasi ya jirani yake. Hapo umepata pembe za taji bila gundi wala moto. Ukivuta kwa nguvu unakaza tu.

Maua yako chomeka katikati ya msuko. Yale mazuri yanatoka kitako cha chupa ya soda maana kina vidole vitano tayari, yaani ua limeshachorwa na kiwanda. Ukingo wake ni mkali, pitisha juu ya mshumaa bila kugusa moto, uzungushe unaona linajikunja polepole. Likianza kuwa jeupe lisiloangaza ondoa haraka, hapo plastiki imekakamaa na itapasuka.

pwani_yetu
Nakubaliana na Bi Kikapu. Kwa ndani wekeni ndala za zamani, kata ukanda mwembamba wa soli uushone upande wa kipaji, ni laini na jasho haliingii. Huku Lamu mafundi walijenga jahazi la plastiki chakavu wakalivisha ndala zilizookotwa ufukweni, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019, sembuse taji la mtoto. Na msiwatume watoto watafute mifuko ya rambo ya kupambia, huko kwenu imepigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, onyesho la mazingira lisije likaanza kwa kutafuta kitu kilichokatazwa.

MwlMazingira
Asanteni sana sana, Bi Kikapu ubarikiwe. Mikanda nimepata ya njano na ya kijani, watoto wameanza kusuka na msuko unashika balaa. Imebaki rangi tu, binti anataka maua ya dhahabu na ile ya kupuliza ndo ilinisumbua.

fundi_mkasi
Rangi paka upande wa ndani wa ua, siyo nje. Sugua kwanza huko ndani kwa msasa laini mpaka pawe na ukungu, futa vumbi, paka rangi nyembamba mara moja, ikikauka rudia. Nje panabaki na mng'ao wa chupa yenyewe na hakuna kidole kinachogusa rangi. Kama ya kupuliza imeisha, rangi ya kucha ya dhahabu inafaa kabisa na kichupa kimoja kinatosha maua mengi tu. Yaache yalale usiku mzima ndo uyachomeke.