Ukoo wa Babu, Kasese 🔋

Shangazi Mwajuma: Asalaam aleikum nyote. Zai anatua Entebbe Alhamisi, Jumamosi dua kwa Babu, na ile pesa ya betri ya sola mpaka sasa wametuma wawili tu. Naona tiki za buluu hapa, mnasoma mnanyamaza.

Baba Mdogo Hamisi: Waaleikum salaam. Betri gani tena dada? Si nilinunua

Shangazi Mwajuma: Ilikufa zamani. Saa mbili usiku taa zinazima Bibi anawasha tadooba

Kassim: haikufa iliuawa 😂 mtaa mzima ulikuwa unachajia simu pale

Shangazi Mwajuma: Kassim umetuma ngapi?

Kassim: network inasumbua

Zai: Shikamooni, nilikuwa maabara. Kassim amesema kweli, ile ni ya madini ya risasi na asidi, ukiikamua kupita nusu kila siku mabamba yanashika salfeti inakufa mapema. Nunueni ya lithiamu ila siyo yoyote, ubavuni iwe imeandikwa LiFePO4 volti 12.8. Hiyo hata ukiitumia asilimia 80 kila usiku inadumu miaka. Ila msiiunge kwanza, hicho kidude cha kuchajia kilichoko ukutani kama ni cha risasi tu hakiifai. Nitumieni picha yake.

Kassim: wewe si ulikuwa wa vioo?? tulichanga ukasome vioo

Zai: Bado niko na vioo. Nilianza na vile vinavyotiwa madini ya erbiamu, vinakuza mwanga wa nanomita 1550 kwenye nyaya za kioo za chini ya bahari, intaneti unayonitukania imepita humo 😄 Betri kazi ni ile ile, unachanganya unga, unachoma kwenye tanuru, unapiga eksirei kuona atomu zimekaaje. Tena ufadhili ulikuwa kwenye betri.

Kassim: sema umefuata pesa

Mama Salma: Na mchele nani analeta?

Baba Mdogo Hamisi: Mimi sipendi maneno ila kama tunahesabu michango tuhesabu yote. Kile kiwanja cha Rukoki kinajulikana kilikwenda wapi. Swaleh wangu mpaka leo yuko juu ya boda.

Shangazi Mwajuma: Hamisi siyo hapa

Kassim: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Salma: Kassim umefuta nini

Salma: Babu yuko hapa nimemsomea. Anauliza Zai betri hizo ndizo za kobalti? Anasema mgodi wa Kilembe walikuwa wanachimba shaba, inapanda treni kwenda kuyeyushwa Jinja, na ule mchanga wenye kobalti ukarundikwa hapa Kasese miaka na miaka kama takataka, mpaka 1999 ndipo wakaja watu kuitoa humo.

Zai: Mwambie Babu ni hiyo hiyo, ndiyo inatia kioo buluu, na 1980 mwanasayansi Goodenough na wenzake pale Oxford waliitumia kutengeneza upande chanya wa betri ambayo baadaye ikaingia kwenye simu. Hii mtakayonunua haina kobalti, ni chuma na fosfeti, haishiki moto kirahisi. Nayo ilitoka maabara ya mzee huyo huyo, 1997, akiwa Texas. Nobel alipewa 2019 ana miaka 97.

Kassim: Baba Mdogo bado una muda 😂😂

Salma: Babu anasema kwa hiyo jasho lake halimo kwenye betri yake mwenyewe

Salma: Anasema niandike na hili bila kupunguza. Kiwanja nilikiuza mimi, na akili zangu. Hamisi ulikuwepo na sahihi yako ipo. Swaleh nilimwita mara ya kwanza kabla ya Zai, akasema shule hataki. Mwenye neno aje nyumbani aniambie mimi, siyo kwenye simu.

Baba Mdogo Hamisi: Nimesikia mzee

*jioni*

Shangazi Mwajuma: Haya jamani. Betri.

Salma: 📷

Zai: Salma hiyo ni swichi ya taa. Piga kile chenye nyaya nne chini

Swaleh: Ndiyo nimefungua data saa hii. Kwenda Entebbe kumpokea Zai nani ana gari? Mimi niko na boda tu. Na mimi shule sikukataa hivyo

Shangazi Mwajuma: Swaleh mwanangu njoo inbox

Kassim: natuma kesho shangazi

Shangazi Mwajuma: Kesho ya lini? Na mbuzi nani alisema ataleta?