Amplifaya ya valvu ya wati 5: itafaa nyumbani na kanisani?

MpigaSolo_Sinza

Habari za wakati huu, wakuu. Ninapiga gitaa la solo, jioni nikiwa nyumbani na Jumapili kanisani. Kwa muda mrefu nimetumia amplifaya ya transista ya wati 40 ambayo sauti yake ni safi lakini haina uhai: nikigusa nyuzi taratibu au nikizichapa kwa nguvu, tofauti ninayoisikia ni ya ukubwa wa sauti tu, tabia ya noti inabaki ileile. Binamu yangu anayeishi Marekani anakuja likizo mwezi Desemba, naye yuko tayari kuniletea amplifaya ndogo ya valvu (zile taa za kioo za kukuzia mawimbi, kama za redio za zamani) ya mtindo wa Fender Champ, yenye wati 5 na spika ya inchi 8.

Kabla hajatoa fedha yake ningependa kujua mambo kadhaa. Je, wati 5 zitasikika pale ambapo kuna ngoma na kinanda? Na je, nyumbani nitaweza kuipata ile sauti inayosifiwa bila kumkosesha usingizi mwenye nyumba wangu, ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja? Kwa mtindo, mimi ni mtu wa rumba na sebene, ingawa nikiwa peke yangu hupenda kupiga bluzi. Kuhusu umeme wa kwao na wa kwetu, naomba pia mwongozo.

FundiValvu

Kaka, kwanza tuiweke sawa hiyo namba 5, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa maradufu, nguvu inatakiwa iongezeke takriban mara kumi; kwa hiyo amplifaya ya wati 50 huizidi ile ya wati 5 kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio huipokea kama mara mbili tu. Kutoka wati 5 hadi 15 unaongeza desibeli zisizofika 5. Sasa angalia spika. Ziko spika za gitaa zinazotoa desibeli 95 kwa wati moja zikipimwa umbali wa mita moja, na ziko zinazotoa 100. Ukitoa ya kwanza ukafunga ya pili, umepata ongezeko ambalo ungelipata kwa kuzidisha nguvu ya amplifaya mara tatu, na hujagusa valvu hata moja. Mtu anayenunua kwa kusoma wati peke yake bila kuuliza habari za spika ananunua nusu ya habari.

Sasa tuje kwenye Champ yenyewe, ile ya miaka ya 1950 ambayo mafundi huijua kwa namba ya mchoro wake, 5F1. Ndani mna valvu tatu: 12AX7 ya kukuza mawimbi madogo yanayotoka kwenye gitaa, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Kitufe cha kuzungusha ni kimoja tu, cha sauti, nacho ndicho swichi ya kuwashia. Hakuna besi wala trebo, utajijua na vitufe vya gitaa lako. Kinachonifurahisha kila ninapoifungua ni kwamba uzi wa kupasha moto wa 5Y3 pekee hula wati 10, mara mbili ya nguvu inayofika kwenye spika.

Uhai unaoutafuta unatokana na ile 6V6 kufanya kazi peke yake. Mkondo unapita ndani yake muda wote, hata ukiwa umenyamaza, na ukiisukuma kwa nguvu, upande mmoja wa wimbi hubanwa kabla ya upande wa pili. Mbano huo usio sawa huongeza oktava ya juu ya noti uliyoipiga, kwa kiasi kinachotegemea mkono wako, na ndiyo maana ukigusa taratibu inaimba na ukichapa inakoroma. Kwenye amplifaya yenye valvu mbili zinazopokezana kusukuma na kuvuta, sehemu kubwa ya oktava hiyo inayozaliwa katika hatua ya mwisho hujifuta. Utasikia watu wakisema siri ni 5Y3 kulegea, yaani volti zake kushuka, unapopiga kwodi nzito; katika mpangilio huu wa valvu moja mkondo haupandi wala kushuka sana, kwa hiyo mimi sifa hiyo siipi.

Kuhusu nyumbani nitakuwa mkweli. Spika ya desibeli 95 ikipewa wati 5 kamili hufika kama desibeli 102 kwa umbali wa mita moja. Ndani ya chumba cha kupanga hizo ni kelele za kuitiwa mjumbe. Ukiishusha hadi sauti ya mazungumzo utapata sauti safi na tamu, lakini koromo la 6V6 hutalipata, kwa sababu linaanzia kitufe kikishavuka katikati. Kipo kifaa kinachofungwa kati ya amplifaya na spika ili kimeze sehemu ya nguvu kwa njia ya joto, kiitwacho atenueta, nacho husaidia kwa kiasi chake. Hata hivyo, kwa sauti ndogo sana sikio la binadamu hupoteza besi na trebo, na karatasi ya spika nayo haitikisiki kama inavyostahili, kwa hiyo usitarajie sauti ileile iliyopunguzwa tu.

Sebene_Likoni

Namheshimu sana Fundi, na maelezo yake ya umeme siwezi kuyapinga, ila ninaona amelijibu swali la mpiga bluzi. Ndugu yetu amesema anapiga sebene. Sebene inataka noti zinazotengana: solo na mi-solo (gitaa la kati) zinajibizana kwa kasi, kila noti ifike masikioni ikiwa na mwanzo wake na mwisho wake, na amplifaya inayobana wimbi kila unapochapa huzishikanisha noti hizo. Katika wati 5 za aina hii, zilizo safi kweli ni pungufu ya hizo 5, na zinaisha mapema mno mpiga ngoma anapochukua fimbo. Spika ya inchi 8 nayo ina sauti ya puani. Nyumbani inapendeza, ukumbini noti za chini hazisikiki.

Mimi ningemshauri binamu atafute amplifaya ya wati 12 hadi 15 yenye valvu mbili za mwisho. Fender Princeton Reverb, yenye 6V6 mbili na spika ya inchi 10, inafaa sana; kama bei yake ni kubwa, ipo Blues Junior yenye valvu mbili za mwisho za aina ya EL84 na spika ya inchi 12. Hii ya pili ina uzito wa kilo kama 14, kwa hiyo bado unaipakata kwenye bodaboda. (Iache ipoe kabla ya safari, nyuzi za ndani za valvu zikiwa za moto hazipendi mashimo ya barabarani.) Desibeli 5 ambazo Fundi anaziona chache, kwa mpiga sebene ndizo zinazotenganisha noti safi na noti iliyochafuka.

FundiValvu

Kwa sebene, Sebene_Likoni, nakubali. Sauti safi inataka nafasi, na wati 15 zina nafasi zaidi. Lakini kanisa analolisema ndugu yetu bila shaka lina miksa na spika kubwa. Pale amplifaya haina kazi ya kujaza ukumbi: unaweka maikrofoni mbele ya spika, karibu na kitambaa, kidogo pembeni mwa katikati, na miksa inabeba mzigo. Kinachobaki ni mpigaji kujisikia mwenyewe. Aiweke juu ya kiti, aielekeze juu masikioni mwake badala ya kuiacha sakafuni ikielekeza sauti magotini, na aisogeze mbali na ngoma. Studio ndiko wati chache zilikothibitisha thamani yake: Eric Clapton alitumia Champ aliporekodi Miami mwaka 1970, na anayesikiliza rekodi zile hawezi kukisia kwamba spika ilikuwa ndogo kiasi kile, kwa sababu maikrofoni ikiwa karibu ukubwa wa sanduku hauonekani.

Niongeze jambo moja la matunzo ambalo watu hulisahau. Kwenye Champ, 6V6 ikichoka unaichomoa na kuchomeka nyingine, basi, kwa kuwa saketi yake hujirekebisha yenyewe. Kwenye zile za valvu mbili unahitaji jozi iliyopimwa ikalingana, na baadhi yake zinahitaji fundi wa kupima mkondo kila unapobadilisha.

Volti_Mwanza

Kuhusu umeme, ambao wakuu wameupita. Amplifaya inayouzwa Marekani kwa kawaida huwa na transfoma ya volti 120 na hezi 60, wakati Tanzania tuna volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Utahitaji transfoma ya kushusha volti. Kwa amplifaya ya wati 5, yenye uwezo wa VA 100 inatosha, ila hakikisha ina waya wa ethi (ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini) uliounganishwa kikweli hadi kwenye soketi, si tundu la mapambo. Hezi nazo zina maana yake: transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 pekee, ikifanya kazi kwenye hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, na kama mtengenezaji alibana chuma itapata joto kupita kiasi. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 50/60 uko salama.

Kama binamu anafikiria ile ya zamani yenyewe, ajue kwamba nyingi zilikuja na plagi ya miguu miwili isiyo na ethi, zikiwa na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) iliyounganisha njia ya umeme na bodi ya chuma. Kapasita hiyo ikivuja, nyuzi za gitaa lako zinakuwa na umeme, na maikrofoni ya kanisani ndiyo ethi utakayoigusa kwa midomo. Fundi aiondoe na afunge waya wa njia tatu kabla hujapiga hata noti moja.

Ukiwa na ndugu Uingereza badala ya Marekani, mfuate huyo: volti zinakaribiana na zetu, hezi ni zilezile, na hata plagi ni ya aina moja.

MpigaSolo_Sinza

Nawashukuru sana, wakuu. Kanisani kweli tuna miksa yenye nafasi, na gitaa langu la sasa tayari huwekewa maikrofoni. Nimezungumza na binamu. Bei ya Princeton imemshinda, kwa hiyo tumebaki na mbili: hiyo ya wati 5, au Blues Junior iliyotumika. Nikichukua ya wati 5, ninaweza kuifungia spika ya inchi 12 iliyo nje ili nipunguze hiyo sauti ya puani? Na valvu zikifa nitazipata wapi?

FundiValvu

Unaweza, mradi ina tundu la spika ya nje na omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zinalingana na zilizoandikwa pale. Champ nyingi zinataka omu 4, wakati spika nyingi za inchi 12 ni za omu 8 au 16, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Tofauti utaisikia mara moja, hasa kwenye nyuzi nene. Usiiwashe kamwe bila spika yoyote na kuanza kupiga, kwa sababu nguvu isiyo na pa kwenda huirudia transfoma ya kutolea sauti na kuipasua insulesheni yake.

Valvu mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Ukiwauliza mafundi wa redio wa zamani, tumia majina ya Ulaya, kwani ndiyo waliyoyazoea: 12AX7 kwao ni ECC83, na EL84, ambayo Wamarekani huiita 6BQ5, waliibadilisha sana kwenye redio na santuri. Kwa hoja hiyo ya vipuri Blues Junior ina nafuu, na kwa sebene naungana na mwenzangu wa Likoni: kama iliyotumika ni nzima, ichukue hiyo. Ukiamua ya wati 5 kwa ajili ya bluzi zako za jioni, mwambie binamu akuletee 6V6 moja na 5Y3 moja za akiba ndani ya soksi.

Yoyote itakayofika, siku ya kwanza usiifungue mwenyewe, maana kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpelekee fundi aipime ikiwa kwenye umeme wa mtaani kwako, saa ambayo umeme umepanda zaidi, si mchana wakati kila mtu amewasha pasi. Nyuzi za kupasha moto za 6V6, EL84 na 12AX7 zinataka volti 6.3, na mpaka wa juu unaovumilika ni asilimia 10 zaidi. Kipimo kikionyesha zaidi ya volti 6.9, tafuta stebilaiza kwanza ndipo uanze kupiga.