Naomba ushauri: Nimetakiwa nimtoe rafiki yetu wa sekondari kwenye kundi kwa sababu ya kazi aliyopata

Katibu_wa_Kitalu

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili chuoni, nasomea sayansi ya mazingira. Nina jambo linaninyima usingizi na sioni wa kumweleza akanielewa, ndiyo maana nimelileta hapa.

Sekondari nilikuwa katibu wa klabu ya mazingira. Daftari la wanachama lilijaa majina, lakini waliokuwa wanaamka alfajiri kumwagilia kitalu tulikuwa watano tu. Udongo wa kujaza kwenye viriba tuliuchekecha wenyewe. Miche ya kwanza ilikauka karibu yote wakati wa likizo kwa sababu shule ilifungwa na hakuna aliyebaki kuinywesha, basi msimu uliofuata tukapangiana zamu, na hao waliokuwa wanakaa karibu na shule wakabeba mzigo mkubwa bila kulalamika.

Kilichotuunganisha hasa ni suala la taka. Plastiki ilikuwa inachomwa nyuma ya bweni, moshi unaingia hadi vitandani, wenye pumu wanahangaika usiku kucha. Tuliandika barua kwa uongozi, haikujibiwa. Tukaandika nyingine, kimya. Mweka hazina wetu ndiye aliyesema tuache kulalamika, tupime. Tukazitenga taka za wiki nzima, tukapima kila aina kwa mizani ya stoo, yeye akachora jedwali. Kumbe sehemu kubwa ya kilichokuwa kinachomwa ni majani na mabaki ya chakula, vitu vya kuozeshwa vikawa mboji kwa ajili ya miche yetu wenyewe. Jedwali lile lilipofika ofisini tuliitwa, na kabla muhula haujaisha shimo la kuchomea likafukiwa.

Nimeyaeleza yote haya kwa sababu huyo mweka hazina ndiye ninayemzungumzia. Alisomea uhandisi, sasa amepata mafunzo ya vitendo katika kampuni ya mafuta na gesi, na ameahidiwa ajira akimaliza. Alitutangazia kwa furaha kwenye kundi letu la watu watano. Aliyekuwa mwenyekiti wetu, ambaye sasa chuoni kwake anaongoza kampeni ya kupinga visima vipya vya mafuta na gesi, akaandika kwamba hawezi kukaa kundi moja na mtu anayekula mshahara wa mafuta. Msimamizi wa kundi ni mimi. Ananitaka nimtoe, la sivyo yeye anaondoka. Wale wengine wawili wamekaa kimya.

Msimamo wangu siufichi. Mkataba wa Paris wa 2015 unataka ongezeko la joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2 za Selsiasi, na nchi zijitahidi lisivuke 1.5. Sioni tutafikaje huko huku tunachimba visima vipya. Kwa hiyo kwa hoja niko na mwenyekiti. Lakini nilipofiwa na baba, mweka hazina ndiye aliyekuja akakaa nasi hadi watu wote wakatawanyika. Nifanyeje?

Bintiwakwetu

Usimtoe. Ukishaanza kufuta watu, mwakani atafutwa mwingine kwa kupanda ndege, na mwingine kwa kuoa mtu wa kampuni hiyo hiyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wewe umeshatuambia nani alikufaa.

Upepo_wa_Kusi

Mimi nitasema tofauti, naomba nisieleweke vibaya. Mwenyekiti ana haki ya kuumia. Nimekuwa kwenye harakati hizi tangu nikiwa mwanafunzi, najua uchovu wake. Unasimama mbele ya watu unaulizwa, "Mbona hata mwenzenu yuko huko?" na huna jibu.

Halafu harakati haziendi bila kuaminiana. Wale wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, waliokuwa wakisoma Vanuatu, walianza mwaka 2019 wakiwa 27 darasani. Walitaka kitu kimoja tu: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme nchi zina wajibu gani kuhusu tabianchi. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiomba mahakama maoni, na Julai 2025 mahakama ikayatoa. Fikirini miaka yote hiyo wangekuwa wanashuku nani anapeleka habari wapi. Watu wa namna hiyo lazima wajue nani yuko nao.

Kwa hiyo usimlaumu mwenyekiti kana kwamba ana roho mbaya. Kuna maslahi yanayogongana hapa, na hayaondoki kwa kupendana.

Katibu_wa_Kitalu

@Upepo_wa_Kusi nashukuru, na nimekuelewa. Ila nifafanue: kundi letu si la kampeni. Hakuna mkakati unaojadiliwa mle. Ni salamu, picha za zamani, nani anaumwa, nani kafaulu. Kampeni ya mwenyekiti ina makundi yake mengine na mweka hazina hayumo.

Upepo_wa_Kusi

Hapo umebadilisha picha. Kama ni hivyo, anachoomba mwenyekiti si usalama wa kampeni. Anataka ninyi wengine watatu mthibitishe mko upande wake. Hilo ni ombi jingine kabisa, na unaweza kumthibitishia bila kumfukuza mtu. Mpigie umwambie uko naye kwenye hoja, kama ulivyotuambia sisi.

FundiValvu

Nafanya kazi katika sekta hiyo hiyo, miaka mingi sasa. Sitawatetea waajiri wangu hapa, wana wasemaji wao. Nataka kuuliza swali ambalo sijaona mtu ameuliza: huyo mweka hazina anafanya nini huko?

Nauliza kwa sababu ndani ya kampuni ya gesi kuna kazi nyingi zisizofanana. Kuna anayetafuta visima vipya. Kuna anayekwenda na kamera ya kuona gesi, anapita kwenye viungo vya mabomba, vali na matangi kutafuta mvujo wa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Methani kwa uzito ule ule inapasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ukihesabu kwa miaka 20. Lakini yenyewe hudumu angani kama miaka 12 hivi, wakati sehemu kubwa ya kaboni dioksidi inakaa karne na karne. Maana yake, ukiziba mvujo leo, nafuu yake wataiona watu walio hai sasa. Ni kazi ya jasho, inafanywa na mafundi na wahandisi wadogo, na mara nyingi ripoti zao haziwafurahishi wakubwa.

Mtu aliyewahi kupima taka za shule nzima kwa mizani ya stoo ili uongozi ukose pa kukimbilia, mimi ningependa kujua ameajiriwa kupima nini. Huenda ni kazi ya kuchimba tu, na hapo mtakuwa na mazungumzo magumu. Lakini muulizeni kwanza. Kumhukumu mtu kwa nembo ya kofia yake ni uvivu, na nasema hivyo nikijua mwenyekiti wenu ni mtu wa bidii.

Mlezi_Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mwalimu mlezi wa klabu za mazingira kwa muda mrefu kabla ya kustaafu. Wengi wanafikiri klabu hizi kazi yake ni miti. Miti ni nusu yake. Programu ya Roots & Shoots ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ilianza mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu wa sekondari waliokutana kwake Dar es Salaam, leo imeenea nchi nyingi duniani, na tangu mwanzo ilihusu watu, wanyama na mazingira kwa pamoja. Watu wamo.

Nimeona makundi mengi ya wanafunzi wangu yakiendelea baada ya shule na mengine yakifa. Yanayokufa haraka ni yale ambayo wanachama hawana la kuongea zaidi ya harakati. Shauku ya mmoja ikipungua, au akibanwa na maisha, anaona aibu kuwaangalia wenzake, anapotea taratibu. Yanayodumu ni ya wale waliojuana nje ya bango: nani anaogopa mitihani, nani ana mama mgonjwa, nani akikasirika hunyamaza siku mbili. Hao hata wakitofautiana vikali hurudiana, kwa sababu hawakuwa wanapendana kwa ajili ya msimamo peke yake. Kwa ulivyosimulia msiba wa baba yako, nyie mko katika kundi hili la pili.

Ushauri wangu. Mwenyekiti asipewe jibu kwenye kundi, mbele ya wote. Ukimjibu pale atalazimika kulinda heshima yake, na vijana wa umri wenu wakishalinda heshima hawarudi nyuma kirahisi. Mpigie simu, au mfuate. Msikilize mpaka amalize. Pengine kuna jambo jingine chini ya hasira hiyo. Watu wanaoongoza kampeni hizi wakiwa wadogo hubeba hofu kubwa mno ya siku zijazo, na wanapomwona rafiki waliyemtegemea anakwenda upande wa pili, wanachohisi ni kuachwa peke yao.

Mweka hazina naye asikingwe na ukweli. Mwambie unavyoamini kuhusu visima vipya. Atakuheshimu zaidi ukimwambia mwenyewe kuliko akisikia kwa wengine.

Jirani_wa_Mto

Niongezee kidogo hapo kwa mwalimu. Severn Cullis-Suzuki, yule msichana wa Kanada aliyehutubia mkutano wa dunia wa mazingira Rio mwaka 1992 akiwa na miaka 12, hakwenda peke yake. Kikundi alikianzisha na wenzake akiwa na miaka 9, wakachangisha nauli wenyewe. Dunia inakumbuka hotuba. Mimi kila nikiitazama huwa nawafikiria wale wenzake walioketi wakimsikiliza. Kwenye klabu yetu mimi nilikuwa hao, sikuwahi kushika kipaza sauti, na hakuna kilichoniuma kama kuona wasemaji wawili wanagombana huku sisi wengine hatuulizwi kitu.

Sasa swali: wale wawili walionyamaza umewauliza? Maana umeandika kana kwamba uamuzi ni wako, mwenyekiti na mweka hazina. Kundi ni la watano.

Katibu_wa_Kitalu

@Jirani_wa_Mto sikuwauliza hadi niliposoma ulichoandika. Nimewapigia jioni hii. Mmoja anasema hakuandika kitu kwa sababu yeye mwenyewe ameomba kazi sehemu kama hiyo na hajapata, akaogopa yatamkuta hayo hayo. Mwingine yuko na mwenyekiti kwenye hoja kama mimi, ila hataki mtu atolewe.

@FundiValvu nimemuuliza mweka hazina. Yuko idara ya usalama wa mabomba, na kamera uliyoitaja ameanza kufundishwa. Lakini aliniambia wazi kwamba ajira aliyoahidiwa ni ya mradi mpya wa uchimbaji, na hajaamua kama ataipokea. Nikamweleza ninavyoona. Tumebishana karibu saa nzima, akaniuliza nani mwingine atamlipia ada mdogo wake, sikuwa na jibu la kumpa. Tumeagana vizuri.

FundiValvu

Mwambie kabla hajasaini aombe kwa maandishi kubaki idara aliyopo. Mara nyingi mwajiri hukubali kwa mtu ambaye ameshafundishwa. Mafunzo hayo ya kugundua mvujo yanatakiwa pia kwenye viwanda vya gesi ya samadi, kwenye madampo, hata kwa wakaguzi wa serikali, kwa hiyo siku akitaka kuondoka ana pa kwenda. Akihitaji kujua cheti kipi atafute, aniandikie faragha.

Upepo_wa_Kusi

Mwenyekiti je?

Katibu_wa_Kitalu

Nimemwambia sitamtoa mtu, na nimemwambia hivyo kwa simu kama Mlezi alivyoshauri. Alikaa kimya, kisha akasema amechoka sana, kampeni imembakia yeye na watu wachache. Hajajitoa kwenye kundi mpaka sasa. Jumamosi nakwenda chuoni kwake kumsaidia kuandaa mkutano wao, na nimemwomba siku hiyo jioni tuongee na mweka hazina kwa simu, sisi watatu. Amesema atafikiria. Nitawaletea mrejesho.