Waifu ana mimba ya kwanza: akajifungulie kwao Dodoma, mama mkwe aje Dar, au tupambane wenyewe?

BabaMtarajiwa_Mbagala
Wakuu habari za wikiendi. Waifu yuko wiki ya 26, ndo mtoto wetu wa kwanza. Tunakaa Mbagala chumba na sebule, choo tunashea na wapangaji wengine. Mimi niko stoo kampuni moja pale Kurasini, zamu zinabadilika kila mara, yeye mhasibu ofisi ya mtu binafsi. Kwao Dodoma, mama yake yupo na ana nguvu zake.

Sasa tunazungukia njia tatu. Aende kwao akajifungulie huko, mama amlee mpaka arobaini iishe. Au mama mkwe aje huku, ila hapo ndo kimbembe, kwa mila za kwetu mkwe kulala nyumba moja na mkwewe ni aibu kubwa na chumba chenyewe ndo hicho. Au tubaki wawili tutafute dada wa kazi. Waliopitia nipeni gharama na usumbufu wa kila njia, sio "hongera mkuu" tu.

MtuWaMarangu
Hongera mkuu (nimekusudia).

Aende kwao, mimba ya kwanza haina mjadala. Wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri unarudi saa mbili usiku umechoka na foleni ya Kilwa Road, katikati hapo akianguka bafuni nani anamwokota, mpangaji? Wa kwangu alienda Moshi, alipikwa mtori na supu mpaka mashavu yakawa yanang'aa, mimi natuma hela tu kila wiki. Na Dodoma siku hizi sio mbali, SGR ile ya kawaida ni 31,000 kwenda, masaa manne hivi umefika. Wenzio tulikuwa tunakula basi siku nzima.

Mama_Wawili
"Natuma hela tu." Ndo mlivyo.

Kaka, mimi nilipelekwa kwetu kwa mtoto wa kwanza. Kulishwa nililishwa, hilo sikatai. Ila mume wangu alimwona mtoto kwenye WhatsApp, alipokuja mtoto ana wiki tatu akawa anamwogopa hata kumbeba, na mama yangu hapo anampokonya, "lete huyo hujui". Mpaka leo yule wa pili ndo rafiki yake, kwa sababu alimwogesha toka siku za mwanzo.

Halafu mbona kwenye maelezo yako yote sijaona shemeji mwenyewe anataka nini? Mama mkwe umemtaja, mila umezitaja, yeye je? Tena miezi hii ya mwisho ndo anakuhitaji kwa vitu vidogo ambavyo mama hayupo kuvifanya, saa tisa usiku msuli wa mguu unakaza anapiga kelele, unaamka unamnyoosha goti unavuta vidole vya mguu kuja juu mpaka uachie. Unamkumbusha alale kwa ubavu. Unakaanga kitunguu nje kwa jirani kama harufu inamtapisha. Hayo hayatumwi kwa M-Pesa.

AfisaUtumishi
Naongelea upande wa kazi maana wengi huwa mnakumbuka jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, mapacha 100. Anaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, lakini zinahesabiwa mfululizo, Jumapili imo. Kwa hiyo akienda Dodoma wiki ya 36 akajifungua wiki ya 40 ameshakula siku 28, anabaki na 56 za kukaa na mtoto. Akibaki Dar akafanya kazi mpaka karibu na siku zake, anaokoa nyingi. Hiyo ndo tofauti ambayo watu hawaipigii hesabu.

Na taarifa kwa mwajiri inatakiwa miezi mitatu kabla, na cheti cha daktari. Wiki ya 26 maana yake ni wiki ijayo hiyo, msilale.

Wewe baba ni siku 3, uzichukue ndani ya siku 7 toka mtoto azaliwe. Siku 3 Dodoma moja inaliwa na safari. Kama una likizo ya mwaka usiiguse sasa hivi, iweke.

Kijana_wa_Mvita
Siku tatu!! Huku Kenya baba apata wiki mbili kwa malipo kamili na bado twalia hazitoshi. Kwetu Mombasa kama msichana haendi kwao basi mamake huja, na mume hujipanga kwa rafiki ama kwa nduguye zile siku za mwanzo, mchana aja kuangalia mtoto, usiku aenda zake. Aibu ya ukwe haiwi shida ukijua pa kulala.

NesiZamu
Nipo leba miaka mingi, niseme ya hospitali halafu nyie muendelee na ya ukwe.

Kama anaenda Dodoma aende kabla ya wiki ya 36, na asifikie kwenye kujifungua, afike angalau ahudhurie kliniki kule wamjue. Kadi yake isitoke mkononi, hiyo ndo ina presha zake, damu, vipimo vyote, nimepokea wamama hawana kadi ni kuanza upya saa ambayo hakuna muda. Bima ya NHIF inafanya kazi mikoa yote, ila ulizeni mapema kituo gani kule kinapokea.

Wanaosema "uchungu ukianza napanda treni", mimba ya kwanza kweli uchungu mara nyingi unachukua masaa mengi, unaweza kuwahi. Ila dharura haina ratiba ya treni. Kichwa kinauma sana, anaona maruweruwe, uso na mikono imevimba, damu inatoka, chupa imepasuka, mtoto ameacha kucheza kama kawaida yake, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kulala tuone kesho. Mkikosa usafiri pigeni 115, m-mama, ni bure.

Kuhusu wewe kuingia leba: wodi nyingi za serikali wamama wako pamoja wametenganishwa na pazia, mwanaume haruhusiwi, ndugu wa kike wengine wanakubali. Binafsi wengi wanaruhusu. Kaulizeni sasa, sio siku hiyo uanze kugombana na mlinzi getini. Na vifaa nunua mapema, glovu, pamba, vibanio vya kitovu, nailoni ya kutandika, khanga za kutosha ziwe zimefuliwa.

BabaMtarajiwa_Mbagala
Asanteni sana. Dada @Mama_Wawili umenigusa, jana nimemuuliza kweli. Kanijibu kwao anapapenda ila hataki kuzaa mimi nikiwa mbali, na ile ya AfisaUtumishi ya siku 28 ndo imemmaliza kabisa. Tumekubaliana mama aje wiki ya 37, mimi nitalala kwa braza Kongowe wiki mbili tatu kama alivyosema huyo wa Mvita, ni bajaji moja tu. Mama mkwe nimempigia, kacheka, kasema yeye aibu hana ila choo cha kushea hataki, kwa hiyo natafuta chumba chenye choo ndani kabla ya mwezi kuisha.

MtuWaMarangu
Sawa, mmenishinda. Ndizi za mtori nitakutumia.

NesiZamu
Swali moja kabla hujalipa kodi mpya. Kundi la damu la shemeji unalijua? Angalia kwenye kadi.

BabaMtarajiwa_Mbagala
Imeandikwa O halafu kuna alama ya kutoa. Ina shida?

NesiZamu
Usiogope. Hiyo ni O hasi, na hapa kwetu wenye damu hasi ni wachache, benki ya damu unaweza usiikute siku unayoihitaji. Jumatatu nenda naye ukapime la kwako. Kama wewe ni chanya kuna sindano inaitwa anti-D, anachomwa karibu na wiki ya 28 na nyingine ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Inamlinda mtoto atakayefuata zaidi kuliko huyu. Sio kila kituo kinayo na sio bei rahisi, ulizia stoo ya dawa ya hospitali mtakayojifungulia, kama hawana badilisheni hospitali mapema. Na kabla mama mkwe hajaja, kaka na dada zake shemeji wapime huko huko Dodoma, akipatikana mwenye O hasi kama yeye mwombeni namba yake ya simu iwe hewani mwezi huo wote, damu ikihitajika apatikane.